Dini tumeigeuza bakora, na wanaochapwa ni wale wale (uzi mrefu, kaeni vitako)

Karafuu Kavu (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wanajamvi, na wasio Waislamu habari zenu.

Kabla hamjanitoa kwenye Uislamu: nasali, nafunga, mtoto wangu wa kwanza kashakhitimu na wa pili yuko juzuu amma. Sina ugomvi na Mungu mie. Ugomvi wangu na sisi watu tuliojipa kazi ya kumlinda, kana kwamba katuomba.

Nnachotaka kusema ni kimoja tu. Kikundi chochote cha dini kikishakaza, wawe wale wa maulidi au wale wa Sunna wanaoyapinga au makanisa ya ndugu zetu wa bara, mtu anashikwa kwa khofu ya kutengwa. Hakuna anaekupiga. Salamu tu zinapungua, unaingia barazani mazungumzo yanabadilika, mwanao anaposwa halafu posa inarudi kimya kimya. Na kisiwa kama Pemba ukitengwa umekwisha, mana nani atakuosha, nani atakuchimbia kaburi, nani atakuja kukusaidia kuanua karafuu mvua ikiwa inakuja. Sisi ndo tunajua zaidi habari hii, miaka ile ya vyama vingi watu walisusiana mpaka mazishi, duka la mtu wa CCM haendi mtu wa CUF na kinyume chake, ikaenda hivo mpaka Rais Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walipopatana 2009 na kura ya maoni ya serikali ya umoja ikapigwa Julai 2010. Ile ya siasa ilipoa. Ya msikitini bado ipo na haina wa kuisuluhisha, mana kila upande unasema mie nnasuluhishwa vipi na mtu wa motoni.

Nianze na hili la khitma, kisomo cha kumuombea maiti, mana ndo linavunja majumba. Kuna nyumba naijua Wete, mzee kafariki, mtoto mkubwa ni mtu wa Sunna, wadogo zake ni watu wa visomo kama baba yao. Wadogo wakasoma khitma, mkubwa akasema wali ule haramu, akachukua wanawe akaondoka, na toka siku ile hajala kwa mama yake. Mama! Sasa njoo kwenye mwezi, mkubwa anafuata mwezi ukionekana popote duniani, wadogo wanasubiri wa hapa kwetu, kwahiyo bi mkubwa yule Idi anapika mara mbili, leo anapeleka sinia kwa mwanae mkubwa (inarudi haijaguswa, ila anapeleka) na kesho anapika tena kwa waliobaki. Hoja yenyewe ya bid'a, yani uzushi kwenye dini, wala si mpya jamani, Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliekuwa Kadhi Mkuu hapa Unguja miaka ya 60 aliandika sana kupinga bid'a, na wenzake wakamjibu, na elimu ikaenda mbele. Mie sibishani kama khitma inafika au haifiki. Nauliza tu kumsusa mama kumeandikwa wapi.

La pili chuoni, madrasa nnakusudia. Sote tumepelekwa na wazee wetu na ile kauli, nyama yako mwalimu mifupa yangu. Na nyama ikaliwa kweli. Mie nimesoma kwenye chuo ambacho sitokitaja, mtoto akikosea makhraj, matamshi ya herufi, anashikwa miguu na wenzake wanne anachapwa nyayo, kuna mwenzetu alikuwa akiona tu henzirani, ile bakora, inateremshwa kutoka darini anajikojolea jamvini, halafu anachapwa kwa kunajisi jamvi. Leo mtu mzima, ana familia, msahafu haugusi. Anasema akiufungua moyo unamwenda mbio. Mwalimu yule alimuhifadhisha juzuu ngapi sijui lakini alimpokonya Kurani nzima. Na Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, tena mtoto, anasema hakuwahi kuambiwa hata "uff". Hii hadithi tulisomeshwa chuoni hapo hapo, chini ya henzirani hiyo hiyo!! Sasa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ipo toka 2011 na viko vyuo vimebadilika, nakubali, walimu wamepewa mafunzo ya kusomesha bila ya kupiga na watoto wanahifadhi vizuri tu. Ila mwambie mzazi mwenzio mtaani kwamba mwanao asichapwe chuoni uone utakavyoitwa, mzungu.

La tatu ndo limenifanya niandike, wanawake. Hapa ntakaa kidogo.

Tunao wanawake wamejaa, Unguja na Pemba, mume kaenda zake bara au Oman au Mombasa, hatumi pesa, hapigi simu, na talaka hatoi. Hana mume na haruhusiwi kuolewa. Akenda kwa ustadhi anaambiwa subira mwanangu, pepo ya mwanamke iko kwa mumewe. Akenda kwa wazee anaambiwa usitutie aibu. Mosi jamani, Suratun Nisaa aya ya 129 inawakataza wanaume kumuacha mke kama aliyetundikwa, si mke wala si mjane. Pili, mke wa Thabit bin Qays alikwenda kwa Mtume akasema sina kosa na tabia yake wala dini yake lakini siwezi kuishi nae, akaulizwa utamrejeshea bustani yake, akasema ndio, ndoa ikaisha. Hakuambiwa kasubiri. Na Barira je, mtumwa alieachwa huru, akamkataa mumewe Mughith, mume anazunguka njia za Madina analia machozi yanachuruzika ndevuni, Mtume akamuonea huruma akamwambia Barira lau ungemrudia, akauliza unaniamrisha? akaambiwa la, mie naombea tu. Akasema basi sina haja nae. Khalas. Mtume wa Mungu anaomba na mwanamke anakataa na hakuna aliemtenga.

Sasa niambieni, katika mihadhara yote mliosikiliza, ya spika na ya YouTube na ya kwenye daladala, mmesikia mara ngapi mawaidha ya mke kumtii mume na mara ngapi hadithi ya Barira? Mie nasema zimefichwa. Hakuna mtu kazifungia kabatini, zimo kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari, ila mwenye spika anachagua cha kutuambia, na anachotuambia siku zote ni kile kinachomfanya mdogo akae kimya.

Karibuni, mwenye kutukana atukane ila alete na dalili.

Mtoto wa Darajani

Nimesoma mpaka mwisho mkuu kahawa imepoa. Wewe kesho Ijumaa kasali msikiti wa mbali.

Ibn Konde

Waalaykum salaam. Nimekusoma kwa utulivu ndugu yangu ingawa umechanganya vitu. Dini haina kosa, kosa la watu, basi andika uzi kuhusu watu. Huku Konde na Micheweni sisi tunawajua vijana walioachwa bila chuo bila bakora, wako vijiweni na unga wa kulevya, wanaiba mpaka sufuria za mama zao wakauze. Mbona huwaandikii uzi hao? Kila jamii ina mipaka, ukiondoa mipaka unapata Nungwi ya watalii.

Halafu umesema kutenga hakuna kwenye dini. Nikuulize, Kaab bin Malik na wenzake wawili walipobaki nyuma vita vya Tabuk, si Mtume mwenyewe aliamrisha wasisemeshwe? Siku hamsini! Hata wake zao wakaambiwa wakae mbali nao. Ile ni hajr na ni sheria, mtu anaedhihirisha uovu anahamwa mpaka arudi. Kaka yule hakumsusa mama, kaisusa bid'a. Jibu kwa elimu.

Karafuu Kavu

Ibn Konde jazakallahu khair umekuja na kitu. Haya, tuisome ile hadithi yote, tusiishie katikati.

Waliobaki nyuma walikuwa wengi, wanafiki themanini na kitu, wakaja na visingizio vya uongo na Mtume akawapokea akawaachia Mungu nyoyo zao. Waliosema ukweli ni hao watatu, ndo wakahamwa. Na aliehama ni Mtume, kwa wahyi, kwa muda, na aya ikashuka ikawarudisha (Tawba 118), na Kaab alipoingia msikitini Talha akainuka mbio akamkimbilia kumpa mkono, na Kaab anasema sitoisahau hiyo ya Talha. Watu walimjia makundi kwa makundi kumpongeza! Wewe nionyeshe hapa kwetu mtu aliemhama nduguye huku analia, anasubiri siku ya kumkumbatia. Sisi tunahama na tunafurahi, tunasema afadhali kaondoka. Na nani anapokea wahyi hapa Pemba wa kutwambia muda umekwisha?

La vijana wa unga ni kweli na linauma, lakini nenda kawaulize wale wa nyumba za kurekebishia tabia wamepitia vyuo gani, utakuta wengi wamekhitimu. Bakora hazikuwazuia.

Ughaibuni Baridi

Mie niko Uingereza mwaka wa ngapi sijui. Niliweka picha sina ushungi. Sikusema neno baya la dini, picha tu, niko kituo cha treni. Shangazi yangu akanitoa kwenye grupu la ukoo, akafuata ami, halafu mama yangu akanipigia ananong'ona kwamba nisipige simu ya nyumbani nipige ya jirani. Mama ananong'ona kwenye nyumba yake mwenyewe. Nyinyi bishaneni na Kaab.

Mama Watatu

Mwanzisha uzi Mungu akuweke. Mie ni huyo ulomsema, aliyetundikwa, ila nshatunguka sasa alhamdulillah nawasimulieni labda itamsaidia mtu.

Mie mtu wa kusini Unguja, nafanya mwani kama mama yangu alivofanya toka ulipoanza huku mwisho wa miaka ya 80. Pesa ya mwani ni ndogo na mgongo unakatika na maji ya chumvi yanakula miguu lakini ni yangu. Tofali nimenunua mie kidogo kidogo, bati nimenunua mie kwa kijumbe, mchango wa kupokezana, kiwanja kwa jina lake mana nani angeandika jina la mwanamke. Kaondoka kaenda bara kaoa huko, mara ya kwanza alituma pesa halafu basi. Nikenda kwa ustadhi wetu ambae nilimuheshimu sana, nikamwambia shekhe mie nimechoka nataka talaka yangu, akaniambia mwanamke anaeomba talaka bila sababu harufu ya pepo haipati. Nilirudi nyumbani nikawa nalia sijui nalia nini, yani nikiwa baharini nachimba vijiti nafikiria harufu ya pepo. Na wenzangu wa kwenye mwani ambao ni watu wazima wananiambia usiende mbele utapata laana. Nilikaa hivo muda mrefu sana mpaka nikawa siamini tena kama naomba dua zinapokelewa.

Ile hadithi kumbe ina neno "bila sababu" na hakuna alienifahamisha kwamba kutolishwa na kutelekezwa ni sababu!!! Alienambia ni mtoto wangu, kasoma skuli na kasoma chuoni, kafungua tafsiri ya Kurani kanisomea.

Nikenda kwa kadhi. Sitaki kusema uongo, si rahisi, unaenda unaambiwa rudi, unaenda mume hakuja, karatasi ya wito imepotea. Mwisho akaja mwenyewe na hasira anasema anataka mahari yake. Watu wakanambia usikubali kununua talaka mana yeye ndie mkosa. Mie nimenunua, nimechoka, nimempa. Nyumba bado tunadaiana.

Sheria Tu

Dada Mama Watatu pole, na kwenye nyumba usikate tamaa. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya zamani, ile ya 1985, haikusema kitu juu ya mchango wa mke kwenye mali, ikawa mtu anaachwa anatoka na kanga zake. Ya 2017 imeliingiza, kadhi anaweza kusikiliza madai ya mchango wa mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Tafuta risiti yoyote ya bati, mwenye duka alokuuzia, mliocheza nao kijumbe, hao wote ni ushahidi.

Na wanaosema serikali haihusiki wanasahau. Hapa Zanzibar kulikuwa na sheria ya wari (wasichana wasioolewa) na wajane ya 1985, mwanamke ambae hajaolewa akipata mimba anaweza kufungwa mpaka miaka miwili. Kufungwa, na tumbo lake. Mwanamme alietia mimba anakanusha tu, ushahidi hauko tumboni kwake. Wasichana waliikimbia kwa kwenda kujificha bara au kwa kutoa mimba vichochoroni. Imebadilishwa 2005 baada ya watu kupiga kelele sana. Na walioitetea ile sheria walikuwa wanataja dini, wakati dini yenyewe kwenye zinaa inataka mashahidi wanne na inamchapa anaesingizia.

Ibn Konde

Dada Mama Watatu mie sikuwa najua haya yako na nasema wazi ustadhi yule alikosea, alitakiwa aulize sababu kabla ya kukusomea hadithi. Hapo sina ubishi. Ila naomba msimgeuze kila ustadhi kuwa ni huyo. Wapo wanaokaa mpaka usiku kusuluhisha ndoa za watu bila ya senti.

Mama Watatu

Wapo baba. Mie nimekutana na mmoja.

Mkaanga Samaki wa Kiwengwa

Habari zenu, mimi Mkristo wa bara nafanya kazi hoteli, jikoni. Naheshimu sana Zanzibar imenilisha. Nikianza na hapa hapa, Ramadhani ya 2024 polisi walikamata watu Unguja kwa kula mchana hadharani, habari ikafika mpaka redio za nje. Sisi jikoni tukawa tunakula store tumejifungia na magunia ya unga, mtu unatafuna huku unasikilizia viatu. Sisemi mtu ale barabarani mbele ya waliofunga, hiyo ni adabu. Ila bosi Mzungu anakula kwenye mtumbwi ufukweni na polisi wanapita wanamsalimia hao hao. Hapo nikajua suala si Ramadhani.

Sasa msije mkadhani makanisa ni afadhali, mimi nimetoka humo. Kanisa nililolelewa, jina naliacha, kuumwa ilikuwa ni dhambi yako au imani yako ndogo. Mama alikuwa na kisukari. Mchungaji akamwambia ukimeza dawa unamwambia Mungu hawezi. Akaziacha mbele ya kanisa zima, akapigiwa makofi na vigelegele. Alipoanza kuoza kidole cha mguu wakaja kuomba, alipokatwa mguu hawakuja tena, mana mguu uliokatwa hauna ushuhuda wa kutoa madhabahuni. Na yeye mpaka leo anasema kosa ni lake, hakuamini vya kutosha. Hilo ndo linaniua mimi, kuliko mguu.

Watu walishangaa Shakahola kule Kilifi 2023, miili zaidi ya mia nne ikafukuliwa msituni, watu waliambiwa wafunge mpaka wafe wamuone Yesu, na watoto ndo walianza kunyimwa chakula. Mimi sikushangaa. Watu wanauliza mtu mzima anakubalije. Hukubali siku moja. Kwanza unaacha tivii, halafu unaacha skuli (walitoa watoto skuli wakasema ni ya shetani), halafu hospitali, halafu ndugu ambao si wa kanisa lako, na kila ukiacha kitu unapigiwa makofi. Ukifika kwenye kuacha kula huna tena mtu wa nje wa kumuuliza hivi hii ni sawa?

Karafuu Kavu

Mkaanga samaki hapo kwenye "huna mtu wa nje wa kumuuliza" umemaliza nilichokuwa nazunguka nacho aya zote zile. Pole kwa mama.

Mtoto wa Darajani

Mie nilikuja kutania nimejikuta nimekaa. Kwetu kaka alivunja redio ya babu kwa sababu ya taarab. Redio ile babu alikuwa anasikilizia vifo pia. Sasa watu wanakufa babu hajui.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu nimepita kimya nikaona niseme mawili. Mimi umri wangu umekwenda, nimesomesha skuli Unguja na Pemba.

Enzi ya usultani hapa kulikuwa na kadhi wa Kisunni na kadhi wa Kiibadhi, kila mtu anakwenda kwa wake. Msikitini unasimama safu moja na Muibadhi, yeye mikono kaiachia chini wewe umefunga kifuani, mkimaliza mnapeana mikono mnakwenda kunywa kahawa. Mabohora wana msikiti wao, Mathnaasheri wana matamu (maombolezo) yao Muharram, Mashia wote hao, na watoto tunakwenda kuangalia. Hakuna alieambiwa ukiangalia umekufuru. Na Sheikh Farsy tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilipotoka nzima 1969, wako waliochukia, wakasema sasa kila muuza urojo atajifanya shekhe. Ndio hiyo huyo mtoto wa bibi wa mwani aliyoifungua, au ndugu yake.

Lakini msinipambie zamani. Zamani hiyo hiyo mtu akiibiwa kuku anatishia halbadiri, kile kisomo cha kulaani, mtaa mzima unatetemeka, mtoto wa watu asiehusika anaugua kwa khofu anakiri asichofanya. Mjane anawekwa eda chumba cha giza kafunikwa kaniki, asionekane asizungumze, wakati sheria imemtaka asijipambe na asitoke ovyo kwa miezi minne na siku kumi, basi. Dirisha la nyumba nani kalikataza? Mama yangu mzazi alitoka eda yake macho yanamuuma kwa jua. Na waliomfungia dirisha walikuwa wanawake wenzake, mashangazi, wanampenda. Hao wa siku hizi wanavunja redio na wa zamani walifunga dirisha, na wote ukiwauliza wanakwambia tunakutakia kheri ya akhera.

Ibn Konde mwanangu, nimekufurahia umekubali pale palipostahiki.

Ibn Konde

Shikamoo maalim. Sijakubali yote lakini. Bado nasema dini bila ya mipaka si dini, na wengine humu mnatafuta njia ya kuacha sala kupitia mlango wa huruma. Mwenzetu wa Uingereza simhukumu, ila simpigii makofi.

Ughaibuni Baridi

Sijaomba makofi shekhe wangu. Nimeomba nimpigie mama yangu kwenye simu yake.

Ibn Konde

Hilo sahihi. Kukata udugu ni dhambi kubwa na hakuna picha inayohalalisha. Ningekuwa ami yako ningekurudisha grupu halafu nikakugombeza humo humo.

Ughaibuni Baridi

😂😂 hiyo naikubali. Nigombezwe niko ndani.

Muhogo wa Jang'ombe

Karafuu Kavu sawa, umeongea sana, sasa unataka tufanyeje? Tufunge misikiti?

Karafuu Kavu

Sijui nani kasema misikiti ifungwe. Nnachokitaka mie ni vitu vidogo vidogo tu. Khatibu asome hadithi ya Barira siku moja ya Ijumaa, moja tu, tuone kama paa litaanguka. Mzazi aende chuoni akae nyuma saa nzima asikilize mwanae anavosomeshwa, mwalimu mzuri hatokataa. Mwenye ndugu aliemhama kwa khitma au mwezi ampelekee sinia. Na mtu akiuliza swali msikitini ajibiwe, asitazamwe. Mie niliwahi kuuliza swali la kawaida kabisa kuhusu pesa ya mchango wa msikiti imekwenda wapi, nikaambiwa imani yangu ina maradhi.

Mgeni_Chake

Samahanini naingilia. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Niko Chake Chake, mume hayupo toka mtoto wa mwisho hajatambaa na sasa yuko skuli darasa la kwanza. Sijawahi kwenda popote kwa sababu kaka yangu ndie imamu na anasema nikenda kwa kadhi nitamvunjia heshima. Nataka kujua tu nianzie wapi. Msinitukane.

Sheria Tu

Hakuna wa kukutukana hapa dada. Kwa kadhi wa wilaya, hapo hapo Chake. Chukua cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na watu wawili wanaojua kwamba huletewi matumizi, jirani anafaa na sheha wako anafaa. Wataanza kwa kutaka suluhu, usiogope, ni utaratibu, mume asipopatikana kadhi ana njia ya kuvunja ndoa mwenyewe. Kama huwezi kuandika madai, Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi Pemba na wako wasaidizi wa sheria mashehiani, hawakutozi kitu.

Mgeni_Chake

Cheti anacho kaka.

Mama Watatu

Mwombe. Akikataa nenda bila ya cheti, waliokula pilau la harusi yako bado wapo, walii na mashahidi wapo, watasema. Mdogo wangu nitumie ujumbe wa pembeni, mie mwezi huu bamvua likipita nnakuja Pemba kwa mashemegi, twende pamoja. Mtoto utamuacha na nani?

Mgeni_Chake

Na wifi yangu. Mke wa kaka. Yeye ndie alienitumia huu uzi.